Swichi inasema imetuma mistari 1764, seva ina 1100 tu. Mingine inaishia wapi?

#1 Kebo_Nyekundu
Wakuu, salaam. Nina swichi ya Cisco, Catalyst 2960, modeli WS-C2960-24TC-L, mfumo wake ni IOS 15.0(2)SE. Nimetaka kuona mipangilio yake ya logi kwa amri, nikaingia `enable` kisha `show logging`. Nimepunguza, nikabakiza yenye maana:

```
Syslog logging: enabled (0 messages dropped, 0 flushes, 0 overruns)
    Console logging: level debugging, 2917 messages logged
    Monitor logging: level debugging, 0 messages logged
    Buffer logging: level debugging, 2917 messages logged
    Trap logging: level informational, 2921 message lines logged
        Logging to 10.50.0.5 (udp port 514, link up),
              1764 message lines logged
Log Buffer (4096 bytes):
```

Upande wa seva ni rsyslog (programu ya kupokea logi), kila IP ina faili lake. `wc -l` inanipa 1100 na ushee. Kwa hiyo kuna 2921, kuna 1764, kuna 1100. Mkweli ni nani?

#2 Siti_ya_Mbele
Nimeshakaa. Leteni madini.

#3 MzeeKonsoli
Tofauti ya kwanza ni nyepesi. Ile 2921 ya `Trap logging` (logi za kwenda seva) ni mistari iliyopita chujio la daraja, yaani uzito wa ujumbe, tangu swichi iwake. Inapanda hata kama hakuna seva yoyote iliyoandikwa. Ile 1764 iliyo chini ya `Logging to` ndiyo ya seva hiyo peke yake, na inaanza kuhesabiwa pale ulipoingiza `logging host 10.50.0.5`. Kama swichi iliwaka wiki tatu kabla hujaandika amri hiyo, pengo lako la kwanza ndilo hilo.

Na 1764 nayo usiichukulie kama risiti. Ni UDP. Swichi ikisharusha pakiti imemaliza kazi yake, haisubiri mtu aseme nimepata.

#4 Pakiti_Tupu
Mimi naona tatizo ni daraja. Bafa (kumbukumbu ya ndani ya swichi) iko debugging, trap iko informational. Piga `logging trap debugging` zote ziende.

#5 DadaVlan
@Pakiti_Tupu soma namba vizuri kaka. Bafa inachukua mpaka daraja la 7 na ina 2917. Trap inaishia la 6 na ina 2921. Kama daraja ndilo lingekuwa linakata, trap ingekuwa chini ya bafa. Imezidi kwa 4 kwa sababu bafa inahesabu jumbe, trap inahesabu mistari. Ujumbe mmoja wenye mistari miwili mitatu upande wa trap unahesabiwa zaidi ya mara moja.

Na hiyo trap debugging usimshauri mtu. Siku fundi atakapowasha `debug` yoyote yenye kelele na kuisahau, seva itajaa takataka na CPU ya 2960 itakwenda juu. 6 inatosha, sehemu nyingi hata 5 inatosha.

#6 Mgeni_wa_CLI
Samahani wakuu, kwani 7 si ndiyo kali kuliko zote?

#7 DadaVlan
Kinyume chake. 0 emergencies, 1 alerts, 2 critical, 3 errors, 4 warnings, 5 notifications, 6 informational, 7 debugging. Namba ikiwa ndogo mambo ni mabaya zaidi. Ukiweka 5 unapata 0 mpaka 5. Namba hiyo imo ndani ya ujumbe wenyewe: `%LINK-3-UPDOWN` ni 3, `%LINEPROTO-5-UPDOWN` ni 5, `%SYS-5-CONFIG_I` ni 5. Kwa hiyo anayeweka `logging trap warnings` anaona poti imekata kwa LINK-3, lakini haoni nani ameingia kubadilisha mipangilio.

#8 Fundi_Mtaa_wa_Pili
Monitor ina 0. Hapo ndipo penye ugonjwa. Piga `terminal monitor` logi zianze kutembea.

#9 MzeeKonsoli
Hapana. `terminal monitor` ni ya kuonyesha logi kwenye dirisha lako la SSH au telnet, na inaisha ukitoka. Haina uhusiano na bafa wala seva. Sifuri ya Monitor maana yake ni kwamba tangu swichi iwake hakuna aliyeiwasha akiwa ndani kwa mbali.

Mimi ningeshtushwa na huo mstari wa Console. Konsoli iko debugging kwa spidi ya 9600, na kila herufi inayotoka pale inakula muda wa CPU hata kama hakuna kebo imechomekwa. Poti zikianza kuruka zote kwa pamoja, SSH inakuwa nzito. Weka `no logging console` au `logging console critical`. Kama bado unataka kuitumia konsoli, ingia `line con 0` uweke `logging synchronous`, isikukatie amri katikati.

#10 Kebo_Nyekundu
Asanteni. @MzeeKonsoli ni kweli, `logging host` iliingia swichi ikiwa tayari inafanya kazi. Hilo la 2921 nimelielewa. Linaloniumiza ni 1764 dhidi ya 1100.

Halafu nimejaribu `sh run | i log`, nimepata `logging host` na rundo la `login local`. Mbona haionyeshi bafa wala trap?

#11 Swichi_Kimya
😂 `i log` inavua na `login`, ndiyo desturi yake. Andika `| include logging`.

Hazionekani kwa sababu ziko kwenye hali ya kiwandani. `show running-config` huandika tu kilichobadilishwa. Bafa ya 4096 na trap informational ni za kiwandani, kwa hiyo kimya. Jaribu `show running-config all | include logging`, hiyo inatoa na zisizoguswa. Ila kwa mipangilio inayofanya kazi saa hii, `show logging` ndiyo ya kuaminiwa. Anayekagua kwa `show run` peke yake ataapa kwamba swichi haina logi.

#12 bandari_noc
Kabla hamjaenda mbali, faili moja kwa kila IP, sawa. Swichi yako ina VLAN (mitandao iliyogawanywa ndani ya swichi) ngapi zenye IP? Usipoweka `logging source-interface`, pakiti inatoka na anwani ya intafeisi iliyopita. Njia ikibadilika, anwani inabadilika, na rsyslog inafungua faili jingine. Piga `show ip interface brief | exclude unassigned`, kisha kwenye seva tafuta faili lenye hiyo IP ya pili.

#13 Kebo_Nyekundu
@bandari_noc we ni noma. Kuna Vlan20 na Vlan30. Faili la anwani ya Vlan30 lipo, lina mistari kama 200. Nimeshaweka `logging source-interface Vlan20`. Bado napungukiwa na 460 hivi.

#14 Pakiti_Tupu
Hizo 460 ni fayawoli ya seva.

#15 bandari_noc
Fayawoli ingezuia zote au isingezuia hata moja. Haichagui 460 kati ya 1764.

#16 Pakiti_Tupu
Kama sheria imeruhusu Vlan20 tu? Za Vlan30 zimeingia 200, nyingine zimegongwa. Huwezi kujua kuna ngapi zilirushwa kutoka Vlan30.

#17 bandari_noc
Sheria ya hivyo isingeruhusu hata hizo 200.

#18 Pakiti_Tupu
Labda sheria iliongezwa baadaye. Aangalie, kuangalia hakuna gharama.

#19 Mama_Sabneti
Swali ambalo hakuna aliyeliuliza: umehesabu kuanzia lini? Hesabu za swichi zinaanza ilipowaka, na ile ya 1764 pale ulipoingiza `logging host`. Faili la seva linaanza pale lilipofunguliwa au lilipozungushwa mara ya mwisho. Ubuntu huzungusha `/var/log/syslog` na wenzake kwa logrotate, na faili lako likiwa kwenye orodha hiyo, mistari ya zamani iko kwenye `.1` na `.gz`. Tumia `zgrep -c` juu ya mafaili yote.

Alama ya kuanzia ni `%SYS-5-RESTART`. Hesabu kuanzia hapo kwenda mbele, kisha ulinganishe na `show version | include uptime`.

#20 Swichi_Kimya
Wazo zuri ila RESTART yenyewe ni miongoni mwa zinazopotea. Inatoka wakati swichi ndiyo kwanza inaamka na uplinki (poti ya kwenda mtandao mkuu) haijafunguka. Spanning tree (itifaki inayozuia mizunguko kwenye mtandao) ya kawaida ni sekunde 15 kusikiliza na 15 kujifunza. Nusu dakika nzima unarusha ukutani.

#21 MzeeKonsoli
Hapo nakataa kidogo. Vlan20 haipandi mpaka angalau poti moja ndani yake iwe inapitisha kwenye spanning tree. Vlan ikiwa chini hakuna njia, na hesabu ya seva ile ya 1764 haipandi. Kwa hiyo za wakati wa kuamka haziwezi kuwa kwenye 460.

#22 Swichi_Kimya
Umesahau portfast, ile inayoruka kusubiri kwa spanning tree. Poti ya kompyuta iliyo kwenye Vlan20 yenye portfast inafunguka papo hapo. Vlan inapanda kwa mgongo wa poti hiyo, swichi inaona njia ipo, inaanza kutuma, na uplinki bado imefungwa. Hesabu inapanda, pakiti hazifiki. Ongeza na ARP ya geti (swichi ikiuliza anwani ya MAC ya geti) ambayo bado haijajibiwa.

Na hili halitokei wakati wa kuwaka tu. Uplinki ikikatika, ujumbe wa kusema imekatika unapaswa kupita kwenye uplinki hiyohiyo iliyokatika. Ndiyo maana seva nyingi zina "imerudi" nyingi kuliko "imekatika".

#23 DadaVlan
@Swichi_Kimya hilo la portfast ni nondo. @Kebo_Nyekundu kuna kompyuta kwenye Vlan20, au ni ya usimamizi tu?

#24 Kebo_Nyekundu
Kuna printa mbili.

#25 Swichi_Kimya
Basi printa zinatosha.

#26 Mlinzi_wa_Logi
Mnabishana na namba mkiwa nazo mkononi. IOS ikituma ujumbe kwa seva hutanguliza namba ya mfululizo. Pakiti inaonekana hivi:

`<189>45: *Mar  1 00:18:48.483: %SYS-5-CONFIG_I: Configured from console by admin on vty0 (10.20.0.9)`

189 ni local7 ambayo ni 23 mara 8 = 184, jumlisha daraja 5. Hiyo `45:` ndiyo mfululizo. Kwenye rsyslog ambayo haijawekewa kichambuzi cha IOS, `45:` mara nyingi huangukia sehemu ya jina la programu, kwa hiyo mnaiona kila siku bila kuijali. Kusanya namba hizo kutoka mafaili yote mawili, zipange kwa `sort -n`, utafute zilizorukwa. Zikirukwa kwa mafungu, ni uplinki. Zikirukwa mojamoja huku na huku, ni seva au njia.

Usichanganye na `service sequence-numbers`. Hiyo inaongeza namba nyingine, ya tarakimu sita, ndani ya ujumbe na kwenye bafa.

#27 Siti_ya_Mbele
Nimesogeza kiti mbele zaidi.

#28 Mgeni_wa_CLI
Hiyo nyota kabla ya Mar ni ya nini? Na mbona Machi 1?

#29 Mlinzi_wa_Logi
Nyota maana yake saa ya swichi haiaminiki. Ikiwa nukta badala ya nyota, saa iliwahi kusawazishwa kwa NTP (saa ya kupitia mtandao) lakini sasa imepoteza. Bila alama, saa iko sawa. 2960 haina betri ya saa, kwa hiyo kila umeme ukikatika inaamka ikiamini ni Machi 1, 1993.

Dawa:

```
clock timezone EAT 3
ntp server 10.50.0.1
service timestamps log datetime msec localtime show-timezone year
```

Kisha `show ntp status` na `show clock detail`. NTP huchukua dakika kadhaa kukubali, usikimbilie kulaumu.

#30 Mama_Sabneti
Na hapo kuna mtego mwingine wa hizo 460. Kama kiolezo cha rsyslog kinaunda folda kwa tarehe iliyo ndani ya ujumbe na si tarehe ya kupokea, basi kila baada ya umeme kukatika kuna jumbe zinazokwenda folda ya Machi 1. Faili lipo, hamlitazami tu.

#31 bandari_noc
Hii ya saa inaumiza sana kwenye uchunguzi. Mlinzi anaandika kwenye daftari mtandao ulikatika saa tatu na nusu usiku. Swichi iliyoachwa UTC inasema 18:30. Mkubwa anasoma 18:30, anasema wakati huo ofisi ilikuwa na watu na hakuna aliyelalamika. Tukio ni lilelile.

#32 Pakiti_Tupu
Na mwingine anaandika 3:30 PM kwenye ripoti 😂

#33 DadaVlan
Turudi kwenye bafa, kwa sababu hakuna aliyeigusa. 4096 baiti ni kidogo mno. Mstari wa `%LINEPROTO-5-UPDOWN` wa FastEthernet0/12 wenye tarehe na msec ni herufi kama 109, wa `%LINK-3-UPDOWN` kama 87. Wastani 98, kwa hiyo bafa inabeba mistari 40 hivi. Poti moja ikikatika na kurudi inaandika mistari minne. Mara kumi tu bafa imejaa, na inajifuta kutoka mwanzo. Swichi inasema imeandika 2917 lakini utakachosoma ni hizo 40 za mwisho.

`logging buffered 65536 informational` inatosha kwa 2960. Jueni mawili. Kwanza, ukibadilisha ukubwa, bafa ya zamani inaachiliwa na mpya inaanza tupu, kwa hiyo nakili kwanza: `terminal length 0`, `show logging`, hifadhi. Pili, angalia ukubwa usioandika daraja kwa bahati mbaya: `logging buffered 6` inaweka daraja la 6, si ukubwa wa 6.

Na poti za kompyuta ambazo watu wanazima na kuwasha kila siku, ingia kwenye intafeisi uweke `no logging event link-status`. Uplinki na poti za seva ziache.

#34 Fundi_Mtaa_wa_Pili
Kwani usiandike kwenye flashi kabisa? `logging file flash:logi.txt` na umeme ukikatika unazikuta.

#35 MzeeKonsoli
Inafanya kazi, lakini flashi ya 2960 ni MB 32 na ndiyo inayobeba IOS, na kuandika kila mara kunaichakaza. Ukilazimika, weka daraja la 4 na kikomo cha ukubwa. Seva ya pili ni nafuu zaidi, 2960 inakubali zaidi ya `logging host` moja.

#36 Mgeni_wa_CLI
Nikitaka kusoma poti moja tu kwenye bafa? `show logging | include Fa0/1` hainipi LINK wala LINEPROTO.

#37 Mlinzi_wa_Logi
Kwa sababu hizo mbili zinaandika jina kamili, FastEthernet0/1, wakati `%PM-4-ERR_DISABLE` inaandika Fa0/1. Tumia sehemu wanayoshirikiana: `| include 0/1_`. Alama ya `_` pale inakubali mkato, nafasi au mwisho wa mstari, kwa hiyo haikuletei 0/10 mpaka 0/19. Ila itakuletea Gi0/1 pia. Herufi kubwa na ndogo zina maana.

Ukitaka makali tu: `show logging | include -[0-4]-`.

#38 Kebo_Nyekundu
Nimerudi. Nimefuata ya #26. Kati ya zilizokosekana, nyingi ziko kwenye mafungu ya 12 mpaka 30, na kila fungu linafuatiwa na uplinki kurudi. Lakini kuna 90 na kitu ambazo ni mojamoja, hazina mpangilio, nyingine saa nne asubuhi kila kitu kikiwa shwari. Folda ya Machi 1 haipo, rsyslog yangu inatumia saa ya kupokea.

#39 Swichi_Kimya
Mafungu: kesi imekwisha.

#40 Pakiti_Tupu
Hizo za mojamoja ni rsyslog ya Ubuntu, ina `$RepeatedMsgReduction on`. Jumbe zinazofanana inazikusanya.

#41 Mlinzi_wa_Logi
Haziwezi kufanana, kila moja ina msec yake na mfululizo wake.

#42 bandari_noc
Seva inapokea kutoka swichi ngapi? Kama ni nyingi, bafa ya soketi (foleni ya kupokea ya seva) inajaa na kanuni ya UDP ni kutupa. `nstat -az UdpRcvbufErrors` kwenye seva. Namba ikipanda, umempata.

#43 Kebo_Nyekundu
Ni sifuri.

#44 Mama_Sabneti
Inaanza upya kila seva ikiwashwa. Iliwashwa lini?

#45 Kebo_Nyekundu
Jana 😅

#46 DadaVlan
Acha `tcpdump -ni eth0 udp port 514 and host` na anwani ya Vlan20 ikimbie siku nzima kwenye seva ikinasa pakiti, uandike kwenye faili. Ya kupima, ingia `conf t` utoke na `end`, kila mara inatoa SYS-5-CONFIG_I moja. Ukitumia `send log` kumbuka bila kutaja daraja inatuma kwa 7, na trap yako ya 6 haiipitishi. Andika `send log 5 jaribio`.

Ikionekana kwenye tcpdump na haipo kwenye faili, ni rsyslog. Isipoonekana kabisa, tembea na njia: poti ya geti, makosa ya CRC (pakiti zilizoharibika njiani) kwenye `show interfaces`, dupleksi (kutuma na kupokea kwa pamoja au kwa zamu).

#47 MzeeKonsoli
Dupleksi mimi naitilia mkazo. 90 kati ya 1764 ni asilimia 5, na upotevu wa mojamoja bila mpangilio unafanana nayo. Kwanza soma bafa kama kuna `%CDP-4-DUPLEX_MISMATCH`.

#48 bandari_noc
Dupleksi ingeonekana kwa watumiaji kabla ya kuonekana kwenye logi. Mimi bado niko kwenye soketi.

#49 Juma_wa_Huawei
Naomba kuchepusha kidogo. Sisi wa S5700 hayo yote ni `display info-center` kwa mipangilio na `display logbuffer` kwa jumbe zenyewe. Bafa yake inahesabu jumbe, si baiti: 512 kiwandani.

#50 Fundi_Mtaa_wa_Pili
Na MikroTik CRS je?

#51 Juma_wa_Huawei
`/system logging print` kwa sheria, `/system logging action print` kwa mahali zinakokwenda, `/log print` kuzisoma. Kumbukumbu mistari 1000. ProCurve za HP nazo ni `show logging -r` kuanzia mpya, na ukiongeza `-a` inakupa mpaka za kabla ya kuwashwa upya, kitu ambacho bafa ya 2960 haiwezi.

#52 Kebo_Nyekundu
tcpdump inakimbia tangu saa mbili. Hakuna DUPLEX_MISMATCH kwenye bafa, lakini bafa ilikuwa ya 4096 mpaka leo asubuhi.

#53 MzeeKonsoli
Kwa hiyo bafa haithibitishi lolote. `show interfaces gi0/1`, leta mstari wa dupleksi na wa CRC, na wa upande wa pili wa kebo pia.